Njia za Misitu ya Cabo Delgado Zianzie Kituo cha Chapa

Utalii wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ukizungumzwa, huzungumzwa kwa visiwa. Vinatajwa Ibo na Vamizi, mchanga mweupe, ndege ndogo zinazoruka kutoka mji wa Pemba na vyumba ambavyo bei ya usiku mmoja inashinda kipato cha mvuvi cha miezi. Bara hutajwa kwa mambo mawili tu, gesi ya rasi ya Afungi na vita. Lakini bara nalo lina vyake. Kwenye njia ya kutoka Palma kwenda Nangade kupitia Pundanhar kuna misitu mikavu ya pwani, na karibu na mto Ruvuma liko Ziwa Nangade. Ukishuka kusini, Quiterajo, si mbali na pale mto Messalo unapoingia baharini, upo msitu wa Namacubi. Kusini zaidi, wilaya ya Quissanga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas iliyoanzishwa 2002, lipo Ziwa Bilibiza. Hoja yangu ni kwamba siku eneo hili litakapofunguka tena kwa wageni, njia za miguu za kwanza zianzie pale chapa, daladala ya Msumbiji, inaposhusha abiria. Zisianzie kwenye kiwanja cha ndege, wala kwenye geti la hoteli.

Jambo la usalama lazima litangulie, maana bila hilo maneno haya ni hatari. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 5, 2017, misitu hii imekuwa maficho ya wapiganaji waasi wanaopigana na serikali. Msitu wa Catupa wilayani Macomia umejulikana zaidi kwa operesheni za kijeshi kuliko kwa miti yake. Bilibiza ilivamiwa na chuo chake cha kilimo kikachomwa moto Januari 2020, Palma ikashambuliwa Machi 2021, na takriban watu milioni moja wameyakimbia makazi yao kwa nyakati mbalimbali. Kuna vipindi ambapo magari ya abiria katika barabara ya N380 yamelazimika kwenda kwa msafara unaosindikizwa na askari. Katika hali hiyo, mtu mwenye begi mgongoni kwenye kijia cha msituni anashukiwa na pande zote mbili, na mwanakijiji anayemwongoza anajitia matatani pamoja naye. Basi simwambii mtu yeyote apande gari kesho aende kutembea Pundanhar. Ninachosema ni kwamba mipango ya baada ya vita huandikwa vita vikiwa bado vinaendelea. Asiyesema sasa atakuta ramani imeshachorwa na wenye ndege.

Wapo watakaosema msitu hulindwa kwa kufungwa, watu wakiwa mbali. Pwani hii imeshatoa jibu. Mwaka 2008 na 2009 wanasayansi wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris na wenzao walifanya safari za utafiti katika misitu hii, na wataalamu wa mimea waliofuatilia kazi hiyo walichapisha matokeo mwaka 2011. Walikadiria kwamba kati ya kilomita za mraba zaidi ya 6,000 za msitu mkavu wa zamani, zilizobaki ni kama 1,200, na wakakuta aina kadhaa za mimea ambazo sayansi ilikuwa haijazipa majina. Sehemu kubwa ya msitu huo haikupotea kwa sababu ya watembeaji, kwa kuwa hawakuwepo. Ulipungua kwa mashamba ya kuhamahama, kwa moto na kwa magogo. Lori la magogo halikungoja barabara ya lami. Lilikata njia yake lenyewe, likapakia na kuondoka, mpaka serikali ilipopiga marufuku kusafirisha magogo nje ya nchi kuanzia 2017. Sheria haikukosa kumkumbuka mwanakijiji: kanuni za mwaka 2002 ziliagiza asilimia 20 ya ada za misitu na wanyamapori ziende kwa jamii za mahali husika. Lakini ada hiyo hupita ofisi nyingi kabla haijafika kijijini, na chanzo chake kikuu ni leseni za kukata. Kijiji kinalipwa mti unapoanguka. Hakuna anayekilipa mti ukisimama.

Kwingineko kwenye pwani yetu wamejaribu kuugeuza mpango huo. Msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, wenye takriban kilomita za mraba 420, umelala kando ya barabara ya Mombasa na Malindi. Ukishuka matatu Gede umeshafika. Wakati fulani wakulima wengi waliopakana nao walitaka ufyekwe wagawiwe mashamba. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukinunua kwao mabuu wa vipepeo na kuwauza ng'ambo, na katika Hori la Mida, upande wa pili wa barabara, kiingilio cha wanaokuja kupita kwenye daraja la kuning'inia juu ya mikoko kimesaidia kulipa karo za sekondari za watoto wa vijiji vya jirani. Mzazi ambaye mwanawe amesomeshwa na mikoko hahitaji kuhutubiwa kuhusu mazingira. Jozani, Unguja, ni hivyohivyo: daladala za kwenda kusini hupita mlangoni, na vijiji vinavyouzunguka msitu hupata fungu la mapato. Tena Jozani imeonyesha ubaya wa barabara na dawa yake. Kima punju walikuwa wakigongwa na magari mpaka yalipowekwa matuta, na vifo vikapungua. Barabara ni ileile na abiria ni walewale.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni la ratiba. Chapa haikutengenezwa kwa ajili ya mtembeaji. Huondoka kijijini alfajiri, pengine kabla ya jogoo, imesheheni magunia, kuku na samaki wakavu, kuwahi soko la mjini, kisha hurudi alasiri. Mtu wa Mocímboa au Palma anayetaka kwenda msituni asubuhi na kurudi jioni atakuta magari yote yanakwenda kinyume chake. Mpangaji wa mjini ataliona hilo ni kasoro, aagize mabasi madogo ya watalii yenye viyoyozi. Mimi naona ndiyo faida yenyewe. Anayefika kwa chapa ya alasiri hana budi kulala. Akilala atakula wali na samaki kwa mama wa kijijini, atalipia mkeka na chandarua, na alfajiri atatembea na kijana wa pale anayejua mamba wanaota jua wapi na viboko wanapita wapi wakitoka ziwani kwenda kula majani. Hilo la mwisho si pambo. Kandokando ya maziwa haya hakuna kutembea bila mwenyeji, na mwenyeji lazima alipwe. Mgeni wa ndege hununua safari nzima kabla hajatoka kwao, na kinachobaki kwa muuza vitumbua wa barabarani ni vumbi.

Nasikia pia kwamba watu wetu hawatembei kwa starehe. Anayetoka shambani amechoka, miguu kwake ni usafiri. Kweli kiasi. Lakini mabasi ya wanafunzi huonekana Jozani na Gede mwaka mzima, na kule Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia msituni, kwa sababu wazee wa Kidigo ndio wenye mahali na masharti ni yao. Mwanafunzi wa mji wa Pemba, Msumbiji, aliyesomea majina ya miti ya Ureno anastahili kuuona msitu ambao mataifa yanatuma watafiti kuja kuuhesabu. Pesa yake ni ndogo, nakubali. Lakini kijana wa pwani hii amekwisha kuona pesa kubwa: hekta 7,000 zilizotengwa Afungi kwa ajili ya gesi, familia za kijiji cha Quitupo zilizohamishwa, na ajira ambazo wenyeji wengi wanalalamika kwamba hawakuzipata. Sidai kwamba kiingilio cha msituni kingezuia vita. Nadai kwamba utalii mwingine wa kupita juu ya vichwa vya watu utaongeza lalamiko juu ya lalamiko.

Kuna mahali pa kuanzia bila kungoja bunduki zinyamaze. Ruvuma ni mpaka wa serikali, si wa miti. Misitu ya Lindi na Mtwara ni ndugu wa damu wa ile ya Palma, na baadhi ya miti ni ileile. Msitu wa hifadhi wa Litipo, mkoani Lindi, upo jirani na maziwa mawili, Lutamba na Tandangongoro, na juu kidogo iko Rondo, iliyompa jina komba mdogo aliyetambuliwa na sayansi miaka ya 1990 tu. Huko kuna amani, kuna gari za abiria za vijijini, na kuna wasemaji wa Kiswahili na Kimakonde wenye jamaa zao ng'ambo ya mto. Halmashauri za Lindi zingeweza kuweka vibao, kukubaliana na vijiji kuhusu bei ya mwongozaji na malazi, na kuandika kiasi kinachobaki kijijini kila mwezi mahali ambapo kila mtu atakisoma. Vijana wa Palma na Nangade waliokimbia vita waalikwe wajifunze kazi hiyo huko. Upande wa Msumbiji, kinachowezekana leo ni cha makaratasi: vijiji viandikishe haki zao za ardhi kwa sheria ya 1997, pamoja na vijia na kingo za maziwa, kabla ya mwekezaji wa kwanza kuja na ramani yake. Hayo ya makaratasi yana haraka kuliko vibao.