UKIHAMIA MAKAZI MAPYA, FUNGUA KWANZA MZIGO WA MBEGU



Hapa Magu watu wengi huhama wakati wa kiangazi. Mavuno yamekwisha. Njia ni kavu. Mkokoteni unapita bila kukwama. Kijana aliyeoa anakwenda kwenye eneo alilogawiwa na wazee wake. Mwingine amepata shamba kijiji cha pili. Wengine wamehama kwa sababu ya maji. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiwango cha mwaka 1964, na nyumba za ufukweni ziliingia maji.

Mkokoteni ukifika, vitu vinashushwa. Kuna kitanda, sufuria, baiskeli, redio, majembe na kuku ndani ya tenga. Kipi kifunguliwe kwanza? Wengi huanza na kitanda na viti, ili nyumba ipendeze. Mzigo wa mbegu unatupwa pembeni. Huko unakauka, au unaliwa na mbuzi.

Bwana Shamba anasema: anza na mbegu. Kitanda hakiozi. Marando ya viazi hufa juani kwa siku chache.

HESABU YA CHAKULA

Chukua mfano wa kaya ya watu sita. Imehama mwanzoni mwa Agosti na magunia 5 ya mahindi. Kila gunia lina kilo 100. Kila mtu anakula nusu kilo kwa siku. Kaya nzima inakula kilo 3 kwa siku. Kilo 500 ukizigawa kwa 3, unapata siku 166. Hiyo ni miezi mitano na nusu. Katikati ya Januari ghala ni tupu.

Sasa tazama shamba. Mvua za kupandia huanza Oktoba au Novemba. Mahindi yaliyopandwa mwanzoni mwa Novemba hukomaa baada ya miezi minne hivi, yaani Machi. Toka katikati ya Januari mpaka katikati ya Machi ni miezi miwili. Miezi hiyo ndiyo ya palizi na kazi nzito. Watoto watakula nini? Hapo ndipo watu huuza mbuzi kwa bei ya chini, au huacha shamba lao wakalime vibarua.

Pengo hili linazibwa Agosti, siku mzigo unaposhushwa.

TUKUMBUKE MWAKA 1974

Nchi yetu inalijua jambo hili. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifanyika hapa Usukumani. Watu walipewa viwanja, na wengi waliacha nyumba, maboma na miti yao. Wengine mashamba yao yakawa mbali na nyumba. Wakati huohuo mvua zilikuwa haba. Serikali ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka nchi za nje.

Sababu za njaa ile zilikuwa nyingi. Lakini kwa mkulima funzo ni moja. Nyumba inaweza kuhama kwa siku moja. Shamba haliwezi. Udongo mpya, samadi na mihogo vinahitaji miezi na miaka. Kwa hiyo anayehama kwa hiari yake leo ajipange kabla hajapakia.

WIKI YA KWANZA: MARANDO, MIHOGO NA KUNDE

Marando ya viazi vitamu yafunge katika majani mabichi wakati wa safari. Ukifika, yapande mara moja penye unyevu, kama vile bondeni au karibu na kisima. Lakini usilime ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza. Viazi vilivyopandwa Agosti na kupata unyevu vitakuwa tayari Desemba au Januari. Hapo ndipo ghala linapokwisha. Umeziba pengo. Na marando utakayokata hapo utayapanda shambani mvua zikinyesha. Viazi vya huko ndivyo vya kukausha michembe.

Mihogo ya kupanda ifunge mafungu. Isimamishe kivulini, sehemu ya chini ikigusa udongo wenye unyevu. Usiikate pingili mpaka siku ya kupanda. Mvua zikianza, kata pingili za sentimita 20 hadi 30. Panda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Eka moja itachukua pingili 4,000 hivi.

Angalia sana ugonjwa. Shina lenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano lina batobato. Ng'oa pia muhogo mmoja, uukate. Ukiona ndani mna madoa makavu ya rangi ya kahawia, huo ni ugonjwa wa michirizi. Usichukue mbegu katika shamba hilo. Ukiichukua, umehama pamoja na ugonjwa wako, na utawaambukiza majirani wapya.

Kunde zipande mvua za kwanza. Baada ya wiki tatu au nne mama anachuma majani. Baada ya miezi miwili au mitatu kuna kunde zenyewe.

USIHAME NA DUMUZI

Mdudu dumuzi aliingia nchini kwetu miaka ya mwisho ya 1970, na Tabora ndiko alikoonekana kwanza. Anakula mahindi na makopa ya mihogo. Pia anatoboa mbao, vibuyu na vihenge. Kwa hiyo anasafiri ndani ya vyombo vyako.

Kihenge cha zamani chenye matundu na unga kichome moto huko huko unakotoka. Vibuyu na magunia vikung'ute, kisha vianike juani. Mahindi ya mwaka jana usiyachanganye na ya mwaka huu. Kama unaweza, nunua mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Ukitaka dawa ya unga, muulize kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako.

CHOO NA MAJI

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha watu wengi kuchimba vyoo. Somo lile halijazeeka. Watu hudhani kuwa familia mpya inaweza kwenda porini kwa mwezi mmoja au miwili. Mwezi huo mmoja unatosha kuleta kuhara. Chimba choo wiki ya kwanza. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko.

Ukiishi karibu na ziwa, jihadhari na kichocho. Usioge wala kufua ukiwa umesimama majini. Chota maji, peleka nyumbani. Ya kunywa yachemshe.

MKOKOTENI WA PILI ULETE SAMADI

Mahame yana mali. Pale boma la ng'ombe lilipokuwa, kuna samadi ya miaka mingi. Ukirudi kuchukua mzigo wa mwisho, pakia samadi kavu. Weka viganja viwili katika kila shimo la mahindi. Boma jipya nalo lijenge juu ya shamba, ili samadi ishuke kirahisi.

Kisha uliza wenyeji habari za udongo. Wasukuma tuna majina ya udongo yenye elimu ndani yake. Luseni ni mchanga wa juu, hufaa mihogo na karanga. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Unashika maji, na ukiuchimbia majaruba unatoa mpunga. Mzee jirani anajua mahali maji hupita mwaka wa mvua nyingi. Mpelekee salamu kabla hujajenga ukuta. Neno lake moja litakuokoa na hasara kubwa.

BABA NA MAMA WAKAE PAMOJA

Mara nyingi baba ndiye anayepanga safari, na mama ndiye anayejua kilichomo ndani ya kihenge. Wakae pamoja kabla ya kuhama. Wahesabu magunia. Wahesabu midomo. Wagawe kama tulivyogawa hapo juu. Wakiona chakula kitakwisha kabla ya Machi, waongeze marando na kunde, na wasiuze gunia hata moja kwa ajili ya kununua vyombo vya nyumba.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika makazi mapya wewe ndiwe mgeni. Usingoje siku ya tatu. Siku uliyofika, kabla jua halijazama, marando yawe ardhini.