Mama, mwache kijana aimbe mwenyewe



Leo nataka tuzungumze juu ya kwaya za shule, na hasa ile siku mwalimu anapowaita watoto mmoja mmoja kuwasikiliza sauti. Najua kuna atakayesema, "Hilo nalo ni jambo la kuandikwa gazetini?" Tulia kidogo.

Mwezi wa Januari nilipigiwa simu na mama mmoja wa Wamagana, kule Tetu, Kaunti ya Nyeri. Ana kishamba cha majani chai na kibanda cha mboga sokoni. Kifungua mimba wake alikuwa ameingia Gredi ya 7. Tangu akiwa mdogo kijana huyo ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo shuleni na kanisani, na akina mama wa kanisa walikuwa wakimwita malaika. Sasa mwalimu wa muziki alikuwa ametangaza kwamba wote watasikilizwa upya, wapya na wa zamani.

"Dada," mama akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti, mwalimu atakusikiza. Zungumza naye. Hata kama ni kitu kidogo, nimeweka kando pesa za bonasi."

Nilimwuliza anaogopa nini ikiwa mtoto ni malaika. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba jioni humsikia kijana akijaribu kuimba nyuma ya jiko, na sauti inakatika kama redio iliyoishiwa betri. Siku hizi hata hataki kuitwa mezani kuomba.

Kuhusu hicho kitu kidogo nilimjibu kwamba pesa za bonasi ni za karo na mbolea. Lakini nilivutiwa, nikaomba ruhusa shuleni, na siku ya kusikilizwa nikapanda matatu katika steji ya Nyeri mjini. Kama hujafika Wamagana, ni mahali pa matuta na mabonde, mashamba ya chai na kahawa, na milima ya Nyandarua imekaa upande wa magharibi kama ukuta. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mwingi. Watoto walikuwa wamejipanga nje ya darasa, mikono imefichwa ndani ya mikono ya sweta, hakuna aliyecheka.

Naomba nikueleze jinsi mwalimu huyo alivyofanya kazi, maana wazazi wengi tunadhani ni kusimama, kuimba na kuambiwa ndiyo au la.

Kwanza, kila mtoto aliingia peke yake na mlango ukafungwa. Mwalimu hakuanza na wimbo. Alimwuliza mtoto jina, anatoka upande gani, ng'ombe wao wamezaa? Baadaye aliniambia kwamba hapo tayari anasikiliza, kwani sauti ya kuongea humwonyesha mahali sauti ya kuimba inapokaa. Kisha akamwomba kila mmoja aimbe ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa.

Nilifurahia uchaguzi huo. Wimbo wetu wa taifa ulitayarishwa mwaka wa 1963 na kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, na muziki wake wakautoa katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto alale. Kwa hiyo mtoto anayesimama mbele ya mwalimu akitetemeka anapewa wimbo wa kumtuliza bila mwenyewe kujua. Tena kila mmoja anaujua kwa sababu ya paredi. Hakuna wa kusema kwao hakuna redio.

Baada ya hapo mwalimu aligusa noti kwenye kinanda kidogo, mtoto akaimba do re mi kupanda na kushuka. Akasogeza noti juu kidogo, wakarudia, tena juu, hadi mahali shingo ya mtoto ilipoanza kukaza. Mwalimu akaandika. Kisha akarudi chini vivyo hivyo. Hivyo ndivyo anavyojua nani aende sauti ya kwanza na nani ya pili, na kwa wavulana wakubwa, nani wa tatu au wa nne. Halafu akapiga makofi kwa mdundo fulani na mtoto akaurudia. Mwisho, na hapa ndipo wengi walipoangukia, mtoto aliambiwa aimbe sauti yake huku mwalimu akiimba nyingine juu yake. Wasichana wawili wenye sauti tamu ajabu walivutwa hadi wakajikuta wanaimba ya mwalimu. Mvulana mmoja mwenye sauti ya kawaida tu, kavu kidogo, alishikilia yake kama mtu aliyeshika mkia wa ndama. Mwalimu akamwekea alama ya vema.

"Huyu ndiye wa kwaya," akaninong'oneza. "Wale wawili nitawafundisha."

Kunradhi msomaji, hapa nilikumbuka yangu. Nilipokuwa darasa la tano, shule ambayo sitaitaja, mwalimu wa kiume mwenye sauti nzito alituimbia mstari mmoja na kututaka turudie, wote arobaini tukitazama. Nilijaribu kuifuata sauti yake kule chini alikokuwa, nikaikosa. Darasa zima likacheka. Hakunitoa kwaya, kwa kuwa alihitaji idadi. Aliniambia tu, "Wewe utafungua mdomo, lakini usitoe sauti." Nikaenda tamashani nikiwa nimevaa sare ya kwaya, nikafungua na kufunga mdomo toka mwanzo hadi mwisho. Mama yangu alikuwa ameacha kazi zake kuja kunitazama. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniambia, "Nimekusikia wewe kabisa, sauti yako ilikuwa juu ya wenzako wote." Sijawahi kumwambia.

Nilimsimulia mwalimu wa Wamagana kisa hicho. Hakushangaa. Alisema kosa hilo ni la kila siku. Sauti ya mtoto iko juu, na mwanamume mzima akimpa noti ya kwake, mtoto hajui kama aifuate kule chini au aiimbe juu, basi hutangatanga katikati na kuonekana hana sikio. Mpe noti iliyo mahali pake, au mwache aanze mwenyewe wimbo anaoupenda kisha wewe umfuate, utashangaa. Wenye tatizo la kweli la kutotofautisha sauti ni wachache sana. Wengine hawakuimbiwa nyumbani, basi, na miezi miwili mitatu ya mazoezi huwanyoosha. Nilimsikiliza nikihesabu miaka yangu ya kuimba bafuni peke yangu.

Na usidhani kwaya ya shule ni mchezo wa kupoteza wakati. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na hadi leo shule huanzia ngazi za chini, zikipanda kaunti, kanda, mpaka taifa, na washindi huimba mbele ya Rais. Mwezi wa Agosti 2023 fainali za kitaifa zililetwa papo hapo Nyeri. Ni mahali ambapo mtoto wa Kikuyu husimama kuimba wimbo wa Kiluhya au wa Kitaita kwa lafudhi iliyofanyiwa mazoezi hadi usiku, na wenyewe wakapiga vigelegele. Sisi tuliosoma 8-4-4 tunakumbuka muziki ulipokuwa ndani ya mtihani wa darasa la nane pamoja na sanaa, kabla haujaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuanzia hapo, shule nyingi ziliuachia muziki kwaya peke yake. Ukikosa kwaya, umekosa muziki. Ndiyo sababu naona mlango huo usifungwe ovyo.

Sasa turudi kwa kijana wetu.

Aliingia karibu na mwisho. Mrefu, mwembamba, koromeo limeanza kujitokeza shingoni. Wimbo wa taifa aliuanza juu, pale pale alipokuwa akiuimba mwaka uliopita, na alipofika mstari wa pili sauti ikavunjika vipande viwili. Akajaribu tena, ikavunjika tena. Akatazama sakafu. Nilitamani kutoka nje.

Mwalimu hakusema kitu. Alishuka kwenye kinanda, akagusa noti ya chini kabisa kuliko alizowapa wenzake, akamwambia, "Niimbie hii tu, polepole." Kijana akaiimba. Ilitoka nzima. Hata yeye mwenyewe alishtuka, akageuka kana kwamba kuna mtu mwingine nyuma yake.

Msomaji mzazi, jambo hili lifahamu vizuri. Mvulana akifika kati ya miaka 12 na 15 hivi, nyuzi za sauti zilizo kooni hurefuka na kuwa nene, na sauti hushuka karibu ngazi nane nzima, kutoka do hadi do ya chini. Katikati ya safari hiyo hukatika, hupanda ghafla, hukwaruza. Si ugonjwa, wala si adhabu kwa sababu ya kupiga kelele mpirani. Za wasichana nazo hubadilika, ila kidogo. Lililo baya ni kumlazimisha kijana aendelee kuimba kule juu ili akina mama wa kanisa wasikose malaika wao. Anaweza kuimba, tena ni vizuri aimbe, lakini pale panapomwia rahisi, na asiruhusiwe kukaza shingo. Huchukua miezi, wengine mwaka na zaidi.

Na zile dawa zetu? Mama huyu alikuwa akimpa mayai mabichi kila asubuhi, na tangawizi iliyochemshwa hadi ikawa kali kama pilipili. Yai bichi huteremka njia ya chakula, halipiti kwenye nyuzi za sauti. Sauti inataka maji, usingizi na kutopiga kelele. Kwa baridi ya Nyeri ningeongeza sweta na kumweka mbali na moshi wa jikoni. Mayai yakaangwe, yaliwe na chapati.

Kuhusu ile hongo, nilimwuliza mwalimu kama wazazi humjia. Akacheka. Alisema huletewa viazi, maharagwe, mara moja jogoo mzima. Hurudisha, isipokuwa yule jogoo alimkimbia mwenye kumleta na akabaki uwanjani muhula mzima. Lakini baada ya kicheko alisema neno lililonigusa. Alisema mtoto aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma hujijua. Husimama mstari wa nyuma na huimba kwa woga, na woga husikika. Waamuzi hawajui sababu, ila huandika kwenye karatasi zao kwamba kwaya haina sauti moja.

Nilipotoka nilimkuta mama sokoni, kibandani pake. Hakuja shuleni, nilikuwa nimemwomba asije, na alikuwa amepanga na kupangua nyanya zake sijui mara ngapi. Nikamweleza yote ya koo na nyuzi. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hivyo ile ya zamani haitarudi?"

Nikamwambia haitarudi.

Akafuta macho kwa ncha ya leso. Sikumlaumu. Mtu hulia mtoto akienda bweni, na hata akiota ndevu, seuze sauti iliyokuwa ikimwamsha Jumapili. Mteja akaja kuulizia sukuma wiki, tukanyamaza.

Orodha ilibandikwa Jumatatu. Mama alinipigia jioni. Katika sauti ya kwanza, ambako kijana alikuwa ameketi miaka mitatu, jina lake halikuwapo. Halikuwapo ya pili, wala ya tatu. Lilikuwa chini kabisa ya karatasi, mahali palipoandikwa "Ngoma na kayamba", na pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba awe akihudhuria mazoezi yote ya sauti, atasikilizwa tena muhula wa pili.

"Ngoma, dada!" mama akasema. "Malaika wangu wa kupiga ngoma!"

Nikamwuliza kijana mwenyewe alisemaje. Akasema hakusema lolote. Aliweka mkoba, akageuza ndoo ya kukamulia kichwa chini, akaanza kuipiga kwa vidole, na akiipiga akawa ananguruma wimbo fulani kwa sauti ile mpya, chini chini, mpaka dada zake wakaanza kumcheka na yeye akacheka nao.

"Na maziwa yamechelewa," mama akaongeza, "kwa sababu ndoo anayo yeye."

Haya msomaji, nami nina maji jikoni. Kama una kisa cha mwanao na kwaya, cha furaha au cha machozi, niandikie kupitia anwani ya gazeti hili. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.