Jina la kwenye kiitikio

Binamu yangu kaandika wimbo. Yeye huyu asiyejua hata kujibu meseji, kakaa garini pale Qurum usiku na gitaa lake, akatoka na wimbo wa dakika nne. Anataka tuupige kwenye kipindi. Kaniruhusu niandike haya kwa sharti moja tu: nisimtaje jina. (Nina mabinamu wa kutosha timu mbili za mpira, kwa hiyo msijisumbue kubahatisha.)

Mwaka jana alipeleka posa, posa ikarudi. Basi. Wimbo ni huo. Na ni mzuri wallahi, ndo balaa lenyewe, maana kwenye kiitikio kamtaja msichana kwa jina lake, mara tatu. Muscat ni kubwa kwenye ramani tu. Ukisema jina na mtaa, mtu wa Seeb atakutajia na mama yake. Yule msichana keshachumbiwa kwengine.

Nikamwambia, hebu sikiliza Malaika tena. Sote tumekua nayo, hakuna harusi ya kwetu isiyopigwa, na kila mara wajomba wanainuka kama vile wametungiwa wao. Kijana anampenda msichana, pesa ya kumwoa hana. Sasa tafuta jina la huyo msichana kwenye wimbo. Halimo. Fadhili William alipourekodi Nairobi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, alisema ni kisa chake mwenyewe. Adam Salim wa Tanzania naye akasema hapana, wimbo ni wake tangu miaka ya 40, na msichana ni wake vilevile. Ugomvi wa nani mtunzi haujesha mpaka leo, na wote wawili washafariki. Kama jina lingekuwamo, pengine kesi ingekwisha siku moja. Lakini pia Miriam Makeba asingeweza kuuimba na Harry Belafonte mwaka 1965 tukahisi ni wake, wala Boney M. wasingeuchukua 1981.

Binamu akasema hayo ni mambo ya kizee, yeye ni mtu wa roki. Haya, roki. Eric Clapton alimpenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison wa Beatles. Mapenzi ya aibu, hayasemeki. Rafiki yake mwengine, Ian Dallas, Mskoti aliyesilimu, alikuwa kampa kisa cha Layla na Majnun alichokiandika Nizami kwa Kifarsi miaka zaidi ya 800 nyuma. Clapton akachukua jina la Layla akamfunika nalo Pattie, na mwaka 1970 akautoa wimbo na bendi yake ya Derek and the Dominos. Mwanzoni haukwenda popote. Ulivuma 1972, halafu 1992 akaurudia taratibu, kwa gitaa lisilo na umeme, ukavuma upya. Pattie mwenyewe mwishowe aliolewa na Clapton 1979, wakaachana, na 2007 akatoa kitabu akasema ya kwake. Yule wa Malaika hakuna aliyemuuliza.

Tulikuwa tunausikiliza huo wa 1992 sebuleni, Bibi akauliza, "Huyu Mzungu analilia nini?" Nikamwambia, Layla. Bibi akacheka mpaka akavua miwani.

Sisi tunajua Majnun alirukwa na akili kwa mapenzi, tunaishia hapo. Bibi kamaliza kisa. Akasema Qays hakunyimwa Layla kwa umaskini. Alinyimwa kwa mdomo. Alimtungia mashairi akamtaja jina mbele za watu, kabila zima likajua, na baba yake kwa ada za Waarabu wa wakati ule asingeweza tena kumpa. Angekuwa amewaozesha kwa sababu ya uvumi.

"Kwa hiyo Layla kaozwa kwengine kwa ajili ya shairi?" binamu akauliza.

"Shairi zuri," Bibi akajibu. "Yeye kapata shairi, mwenziwe kapata nini?"

Binamu akanyamaza, jambo la nadra. Mie nilitaka kuongeza neno, nikaona niache. Naye alikuwa na haki yake: yamemuuma, na jina ndilo lililomtoka kwanza. Sidhani kama alitaka kumdhuru mtu. Sidhani kama Qays naye alitaka.

Jana usiku kanitumia wimbo upya. Jina limetoka. Anasema kahangaika siku tatu, kila neno analoweka linavunja mizani, mwisho kaweka "jirani". Nikampelekea Bibi simu akausikiliza mara mbili, macho kafumba, kidole kinagonga kwenye mkono wa kiti. Nikajua umempendeza.

Halafu akafumbua jicho moja. "Jirani yupi?"