AFYA YA JAMAA: Malale, figo na damu ya wazazi

Mwezi huu tuongee juu ya figo. Hapa Lubumbashi, ndugu wawili wa nyumba moja wakivimba miguu na kufa na figo, kilio hakijaisha watu wanaanza: "Nani iko analoga hii jamaa?" Macho yote kwa nkambo.

Mwaka 2010 wanganga wa utafiti walionyesha sababu moja iliyo ndani ya damu yenyewe. Ni jeni inayoitwa APOL1. Kila mtu anayo. Inatengeneza protini ambayo, mdudu wa malale akiimeza, inamtoboa kwa ndani kama mlango: chumvi zinapita ovyo, mdudu anavimba, anakufa. Lakini wadudu wa malale wanaougonjesha watu walijua kuikwepa. Na malale si hadithi kwetu. Katika 1910-1912 Wabeleji walituma wanganga Katanga kwa sababu yake, na mwaka 1998 Kongo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 25,000. Basi zamani sana, hapa Afrika, jeni hiyo ilibadilika kwa watu wengine, namna mbili, G1 na G2, na ulinzi ukaongezeka.

Bei yake inalipwa na figo. Mtoto aliyepokea jeni iliyobadilika kwa baba na kwa mama pia, mlango ule unaweza kufunguka ndani ya figo zake: potasiamu inatoka, sodiamu inaingia, chujio linaharibika. Wengi wa hao hawaugui kamwe. Mara nyingi lazima kitu kingine kiongezeke, zaidi sana virusi vya SIDA. Wanganga waliona hivyo kwa watoto wa Kinshasa.

Sasa nkambo amekosa nini hapo?

Figo hailii mapema. Kama kwenu kuna aliyekufa nayo, wadogo zake waende dispanseri wapimwe tansio, na karatasi ndogo itiwe katika mkojo kutafuta protini. Hiyo inatosha kuanza. Mwenye virusi asikatize dawa zake. Vijana wataniuliza: "Pasta, tuvunje uchumba?" Hapana, hii si sawa na SS.

Dawa ya kuziba mlango huo, inaksaplini, inajaribiwa. Matokeo ya 2023, kwa wagonjwa 13 tu, yalionyesha protini katika mkojo ikipungua karibu nusu.