Jicho la Mama
Juma hili, barazani mwa kliniki ya watoto, nilimwona mama mmoja, muuza mboga, ambaye mwanawe alipogeuza uso na kuanza kunyonya kidole, hakungoja alie, bali alimpakata upesi akampa titi, huku akimweleza jirani yake kwamba huyu, akitaka kusinzia, hujishika sikio. Nami nikamkumbuka Mary Ainsworth, yule mwanachuoni aliyezuru familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, akabaini kuwa watoto wenye utulivu walikuwa, aghalabu, wa akina mama walioweza kusimulia habari za wana wao kwa furaha na kwa tafsili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wamenena wahenga, lakini kuujua huko kwataka nafasi, na nafasi haimjii mwanamke mwenye njaa, deni la kodi na mume asiyeonekana ila usiku. Wazee wetu wa pwani walimstahi mzazi siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akaletewa uji wa pilipili manga, kazi zote zikiwa juu ya ndugu na jirani. Leo sheria ya Tanzania yampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na muuza mboga hana mwajiri wa kumdai hata moja. Nasema pasi na kificho kwamba amlaumuye mama kwa uzito wa moyo, bila kuuliza ni nani aliyempokea mtoto ili mama apate usingizi, amemdhulumu. Na dhulma hiyo huanzia kwetu sisi wanaume wa nyumba, kabla haijafika kwa serikali.