Mjakazi wa Kusimama Leba



Wapendwa Taifa la Mungu, kila tarehe 31 Mei Kanisa huadhimisha Sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Tunaishangilia safari yake ya kwenda milimani, lakini aghalabu tunasahau kwamba Mwinjili Luka anatueleza pia jinsi Maria alivyokaa kwa jamaa yake yapata miezi mitatu. Alikwenda kukaa na mjamzito. Juma hili nataka tumtafakari mjamzito ambaye hakuna anayetaka kukaa naye, yaani mwanamke aliyetumia heroini na ambaye sasa yumo katika safari ya kupona.

Hapa Dar es Salaam tunawafahamu wanawake hao, ingawa tumezoea kuwaita mateja na kuvuka barabara tunapowaona. Mnamo Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika katika hospitali nyingine za jiji na mikoani. Kwa kawaida mgonjwa hufika kliniki kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Baadhi yao ni wajawazito.

Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba methadoni ni kuacha kileo kimoja na kushika kingine, na kwamba mjamzito aliyetubu kweli angeacha vyote siku hiyohiyo. Ndugu zangu, maneno hayo yana sura ya uchaji lakini yanaweza kuua. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 inashauri mjamzito mwenye uraibu wa heroini aanze au aendelee na methadoni au buprenofini, wala asihimizwe kuacha ghafla. Arosto humrudisha kwa urahisi kwenye unga, na inaweza kuihatarisha mimba yenyewe. Mtoto aweza kuzaliwa na dalili za arosto, lakini hizo hutibika, na mama aliye imara katika tiba huhimizwa kunyonyesha.

Sasa, nani atasimama naye leba? Binti zetu wana mama, shangazi na somo. Huyu mara nyingi nyumbani walikwisha kumfungia mlango. Ndiyo maana naunga mkono jambo ambalo katika baadhi ya maeneo ya Marekani limekwisha kuanza: kuwafundisha wanawake waliopona uraibu wawe doula wa wenzao. Doula si mkunga wala mkunga wa jadi. Hapimi, hatoi dawa, hazalishi. Humsindikiza mama kliniki, humsugua mgongo uchungu unapokaza, na humtia moyo awaambie wauguzi ukweli kuhusu dozi yake ili maumivu yake yatulizwe ipasavyo. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa na Cochrane mwaka 2017, uliohusu wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa na mtu wa kukaa nao mfululizo wakati wa uchungu walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi, na waliofanyiwa upasuaji walikuwa wachache zaidi.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtasema: aliyekuwa teja atarudia, ataiba, atampoteza na mwenzake. Basi na achaguliwe aliyedumu katika kupona, afundishwe na wakunga wenye leseni, asimamiwe, alipwe posho, naye awe na mtu wa kumwendea anapolemewa. Lakini msiseme kwamba yaliyompata yanamwondolea sifa. Mtume Paulo anawafundisha Wakorinto kwamba faraja aliyoipata mtu taabuni ni amana ya kuwapelekea walio taabuni. Muuguzi hodari anajua arosto kwa kusoma. Mwanamke huyu anaijua mwilini mwake. Yeye akisema inapita, atasadikiwa.

Wala kazi haiishi leba. Utafiti uliofanyika Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba miongoni mwa akina mama wenye uraibu huo, matukio ya kuzidisha dozi yalikuwa machache zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na mengi zaidi kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya kujifungua. Tazameni kipindi hicho. Arobaini imekwisha, ubatizo umefanyika, picha zimepigwa, wageni wamerudi makwao. Mama amebaki peke yake na mtoto anayelia usiku. Hapo ndipo rafiki wa kubisha hodi anapohitajika.

Tunapinga utoaji mimba, nasi tunafanya vema. Papa Yohane Paulo II alitufundisha hivyo kwa nguvu katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995. Lakini mwanamke huyu ameitunza mimba yake katikati ya mateso ambayo wengi wetu tusingeyaweza. Tukimtetea mtoto aliye tumboni na kumdharau mama anayembeba, utetezi wetu ni wa midomo.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri Walei itenge chumba cha mafunzo na fungu la nauli. Nawaomba WAWATA wawapokee wanawake hawa kama dada, si kama mradi wa huruma. Nawaomba wakunga na wauguzi wa parokia yetu watoe Jumamosi zao kufundisha.

Kama neno doula linawakwaza kwa ugeni wake, jueni kwamba linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mjakazi. Ndilo neno ambalo Mtakatifu Luka anamwandikia Bikira Maria katika jibu lake kwa malaika. Kisha mjakazi huyo akaondoka kwa haraka, akaenda kukaa na mjamzito.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu