Ugonjwa wa akili ukizidi: ndugu zetu walioko Marekani na ombi la pili la msaada



Katika mwaka wa bajeti wa 2019 Marekani ilipokea karibu Wakongomani 13,000 kama wakimbizi. Wengi walikuwa watu wa huku kwetu mashariki, waliokwisha kukaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Gihembe. Mwaka huu wa 2026 kundi hilo linatimiza miaka saba kule. Hesabu hiyo si ya sikukuu. Kwa mkimbizi ambaye bado hajawa raia, isipokuwa wachache, miaka saba ndiyo mwisho wa kupokea SSI, yaani msaada ambao serikali ya Marekani humpa mzee, au mtu ambaye ugonjwa au ulemavu umemzuia kufanya kazi naye hana mali.

Mtu atauliza, mambo ya ofisi za Marekani yanaingiaje katika ukurasa wa makanisa yetu? Yanaingia kwa simu. Kichwa cha ndugu kikianza kusumbuka kule, jamaa hupiga simu Uvira, Goma au Bukavu kabla ya kumtafuta daktari. Wanataka maombi, wanataka shauri. Na lile tunalowajibu sisi huku lina uzito katika ofisi ile, hata kama aliye ofisini hatujui kabisa.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Ofisi ya Social Security ina mifuko miwili inayohusu ulemavu. Ya kwanza ni hiyo SSI. Mwaka 2026 mtu mmoja hupata si zaidi ya dola 994 kwa mwezi kutoka serikali kuu. Wa pili ni bima ya wafanyakazi, ile inayokatwa kwenye mshahara. Mtu mzima huingia humo, kwa kawaida, akiwa amefanya kazi kama miaka mitano ndani ya miaka kumi ya mwisho. Kijana anahitaji muda mfupi zaidi. Kipimo cha ugonjwa ni kimoja kwa mifuko yote miwili: je, ugonjwa huu unamzuia mtu kufanya kazi ya kumpatia pato la maana, na je, umedumu au utadumu miezi 12 au zaidi? Mwaka huu pato hilo limewekwa kwenye dola 1,690 kwa mwezi.

Hakuna asilimia. Hawasemi huyu ni mlemavu kwa 30, yule kwa 60. Ni ndiyo au hapana. Kwa hiyo anayepokea tayari haongezewi kitu kwa sababu ugonjwa umezidi. Mwenye kazi ya kurudi mlangoni ni yule aliyeambiwa hapana, na baadaye hali yake ikaharibika.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Alifanya kazi miaka minne au mitano katika kiwanda cha nyama, usiku, penye baridi. Akaanza kukosa usingizi, akasahau, akagombana na msimamizi, akaacha kazi. Akaomba msaada. Barua ikaja: ni kweli una ugonjwa, lakini kazi nyepesi bado unaweza. Kisha ikafika Januari 2025, Goma, Februari, Bukavu. Tunajua wenyewe jinsi ndugu zetu walivyokesha wakitazama simu, wakihesabu nani amejibu na nani hajajibu. Kwa watu waliokwisha kuona vita kwa macho yao, miezi ile ilifungua vidonda vilivyokuwa vimeanza kukauka. Mama wetu sasa anasikia risasi mahali ambapo hakuna risasi. Hatoki nyumbani. Chakula hapiki.

Afanye nini? Milango ni miwili, na wengi wanaichanganya.

Mlango wa kwanza ni rufaa. Aliyekataliwa ana siku 60 za kuomba faili yake iangaliwe tena, na ofisi huhesabu kwamba barua ilimfikia siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Akikataliwa tena anaweza kwenda mbele ya jaji wa ofisi hiyo, kisha baraza la rufaa, kisha mahakama. Kila ngazi ina siku zake 60. Faida ya rufaa ni kwamba inashika tarehe ya ombi la kwanza: akishinda, malipo ya nyuma yanaweza kuhesabiwa tangu hapo, na ushahidi mpya wa kuzidi kwa ugonjwa huongezwa katika faili ileile.

Mlango wa pili ni ombi jipya. Huo ni wa yule ambaye siku zimepita. Kwa SSI ombi jipya halirudi nyuma hata mwezi mmoja kabla ya kuwasilishwa. Kwa bima ya wafanyakazi kuna hatari nyingine ambayo watu hawaambiwi mapema: haki ya bima ina tarehe ya mwisho. Mtu akiacha kazi, baada ya miaka michache bima hiyo inakwisha, na ugonjwa uliozidi baada ya tarehe ile haumsaidii tena katika mfuko huo. Kwa hiyo mama huyu akisema, «Nitaomba nikipata nguvu», anaweza kuipata nguvu mlango ukiwa umefungwa.

Lakini vipi mgonjwa ambaye barua ilikaa chini ya godoro miezi mitano kwa sababu aliogopa kuifungua? Tunajua kwamba kuogopa barua ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ofisi nayo inajua. Tangu 1991 ina kanuni inayosema kwamba mtu ambaye akili yake ilikuwa imezuiliwa asielewe jinsi ya kukata rufaa, naye hakuwa na wa kumsaidia kisheria, anaweza kuruhusiwa kuchelewa. Lakini ni lazima aombe kwa maandishi na kueleza sababu. Na kwa yule aliyekuwa akipokea, msaada ukakatwa kwa sababu alianza kupata mshahara, kisha ugonjwa ukamwangusha tena, kuna njia fupi ya kuomba arudishiwe ndani ya miaka mitano bila kuanza faili mpya.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu linaharibu maombi mengi ya watu wetu. Ni salamu.

Mkongomani mkristo akiulizwa hali, jibu liko tayari mdomoni: «Bwana asifiwe, tuko bazima.» Hata kama hajala. Hata kama jana alitaka kujiua. Ni adabu, na ni ushuhuda pia. Kulalamika mbele ya mgeni ni kama kumsemea Mungu vibaya. Daktari wa ofisi anauliza kwa mkalimani: unaendeleaje? «Naendelea vizuri, namshukuru Mungu.» Unalala? «Mungu ananisaidia.» Unaweza kupika, kwenda sokoni? «Ndiyo», maana mama gani atasema mbele ya kijana asiyemjua kwamba hapiki tena? Yote yanaandikwa. Karatasi inakwenda kusema kwamba mgonjwa analala, anapika, anatembea, ana matumaini. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya, lakini picha iliyoandikwa si ya kweli.

Wanaopima ugonjwa wa akili kule huangalia mambo manne: kuelewa na kukumbuka, kukaa na watu, kushika kazi bila kuiacha katikati, kujimudu mwenyewe mambo yakibadilika. Mgonjwa akieleza siku yake ya kawaida, hasa siku mbaya, anajibu hayo yote bila kujua: nimeacha sufuria motoni mara tatu, nimemkimbia jirani, sijaoga tangu juma lililopita, naingia basi nashuka kwa hofu. Anayosema mbele ya daktari ndiyo kweli inayotakiwa, na kuisema si kukosa imani. Eliya alipolala chini ya mti akiomba kufa, Mungu hakumkemea kwa kukiri vibaya. Alimpa usingizi na chakula kwanza, mara mbili.

Hapo sisi tulio nyumbani tuna kazi. Kanuni zao za ugonjwa wa akili zinataja waziwazi jamaa, marafiki, jirani na viongozi wa dini kati ya watu wanaoweza kueleza jinsi mgonjwa anavyoishi. Barua ya mchungaji haiwezi kuthibitisha ugonjwa. Hilo ni la daktari au mtaalamu mwenye kibali. Lakini inaweza kusema tulichoona. Kwa mfano: mama huyu aliongoza kwaya ya wanawake hapa miaka mitatu, baada ya shambulio la mwaka fulani hakuimba tena, tangu mwezi fulani hatuelewi anachosema kwa simu. Tuweke tarehe. Tusiandike kwamba ni mgonjwa wa hiki au kile, na tusiongeze chumvi. Barua moja ya uongo inaweza kuangusha faili nzima, na pia ni dhambi. Kama mgonjwa aliwahi kutibiwa Tulizo Letu hapa Goma au SOSAME kule Bukavu, jamaa wakaombe karatasi za matibabu. Zinaonyesha kwamba ugonjwa haukuzaliwa siku ya kuomba fedha.

Na tuseme bila kuzunguka kuhusu dawa. Wako watumishi kati yetu wanaomwambia mgonjwa kwa simu atupe dawa, kwa sababu ni pepo, au ni uchawi wa ukoo. Achana na hatari kwa maisha yake, ambayo ni kubwa. Hata mbele ya ofisi ile, mtu anayeacha matibabu aliyoandikiwa bila sababu inayokubalika anaweza kunyimwa kwa sababu hiyo tu. Na bila kumwona daktari mara kwa mara hakuna maandishi mapya; bila maandishi mapya, ombi la pili linafanana na la kwanza. Mjane wa Luka 18 alirudi kwa kadhi na shauri lilelile mpaka akachoka kumsikia. Katika ofisi hii kurudi hakutoshi. Anayerudi abebe alichokosa mara ya kwanza.

Tunaandika haya tukijua kwamba kwetu hakuna mlango wa namna hiyo wa kugonga. Tunayo sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na CNSS ina pensheni ya mfanyakazi aliyeandikishwa akashindwa kazi. Mkulima wa Kalehe au muuza samaki wa Baraka hayumo. Yeye ana jamaa na kanisa. Labda ndiyo sababu wengine huku wanaona aibu ndugu yao kulipwa «kwa ajili ya wazimu», na wengine wanaona ni mgodi.

Kwa hao wa mgodi, neno moja. Anayepokea SSI hatakiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 kama akiba. Tukimtumia fedha ya likelemba atutunzie, au mchango wa kujenga kanisa upitie akaunti yake, ofisi itaihesabu kuwa mali yake na kumkatia. Kama hawezi kutunza fedha mwenyewe, ofisi humteua mtu wa kumpokelea, na mtu huyo hutoa hesabu: nyumba, chakula, nguo, matibabu ya mgonjwa. Karo ya watoto wa shangazi haimo.

Turudi kwenye miaka saba. Aliyekaribia kikomo hicho anapaswa kuomba uraia, na mtihani wake ni wa Kiingereza na historia ya Marekani. Mama anayesahau sufuria ataukariri vipi? Iko fomu, N-648, ambayo daktari hujaza akieleza jinsi ugonjwa unavyomzuia kujifunza. Ikikubaliwa, anasamehewa mtihani. Inafaa fomu hiyo na ombi la SSI viende pamoja, na daktari awe na habari ileile katika zote mbili. Mkalimani katika ofisi ya Social Security ni bure. Mtoto wa miaka kumi na miwili asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mama yake. Wakili wa mambo haya kwa kawaida hulipwa akishinda tu, kutoka katika malipo ya nyuma, kwa kiwango kilichowekwa. Anayetaka kulipwa kwanza kupitia simu ni wa kuogopwa.

Mwisho ni safari. Jamaa wengi hutuomba wamlete mgonjwa nyumbani aombewe. Anayepokea SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo anasimamishiwa, na akirudi lazima akae kule siku nyingine 30 mfululizo kabla ya kulipwa. Miezi 12 ya kusimamishwa ikipita, faili inafungwa na kila kitu kinaanza upya, kwa kipimo kilekile. Maombi ya simu yanawezekana. Lexington iko nyuma ya Goma kwa saa saba, wakati wa joto saa sita. Tupige asubuhi yao, baada ya kifungua kinywa, maana dawa za usiku humlaza mgonjwa mapema, na kumwamsha kwa mkesha wetu ni kumnyima ule usingizi ambao daktari anautafuta.